Bluu na Chai ya Shemeji

Mama yangu mdogo alikuwa mshona kofia, na mkono wake ulijulikana Unguja mjini. Kofia yake ukiianika juani, kivuli chake kina matundu madogo madogo kama ya chujio la chai. Jioni moja, Magharibi ishaadhiniwa, sindano ikamkatikia mkononi, na kofia yenyewe ni ya bwana harusi wa kesho. Leo utasema, si aende dukani akanunue nyingine? Haya, nenda. Mji wetu wa siku hizo mtu haingii dukani baada ya Magharibi akataja sindano. Haitajwi, haiuzwi, haiazimwi. Ukiitaja, wenzako wanakutazama kama umemtukana mtu mamaake.

Mama mdogo akajitanda buibui lake akenda mwenyewe. Mwenye duka alikuwa Mhindi, na kwao Wahindi habari hiyo ya sindano sijui kama ipo. Nilikuwa nimemshika mama mdogo nguo, nikasikia yote.

"Nipe sindano."

"Sindano hakuna, mama. Kesho."

"Hakuna vipi? Naiona ile pale, kwenye kopo!"

"Wewe unaiona. Mimi siioni mpaka asubuhi."

Wateja wakacheka. Mama mdogo akasema, "Basi nipe mwiba wa chuma."

"Aa, mwiba upo," akasema Mhindi, akamfungia katika kipande cha gazeti.

Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amekasirika mpaka anapumua kwa kelele. "Mwenyewe haamini," akasema, "lakini anawaogopa wanaoamini." Kofia ilimalizwa, bwana harusi akaivaa, na mimi nikasahau. Nimekuja kuyakumbuka maneno yale uzeeni, huku Ibra, Omani, kwa sababu ya shemeji yangu.

Mimi skuli niliishia darasa la tatu, na chuoni kwa Kurani nilihitimu kwa bakora, kwa hivyo mtu asitegemee kuniona napanga maneno kama maalim. Nitakwenda huku, nitarudi kule. Tulikuja Omani baada ya mambo ya sitini na nne, si mara moja, tulizunguka kwanza, kila pahala tunaulizwa karatasi. Una karatasi? Baba yako ana karatasi? Babu yako alizaliwa wapi, nani anamjua? Nikaishia kuendesha gari la maji Ibra, kazi nzuri tu, watu wanakuombea dua ukifika na wanakutukana ukichelewa. Mke nilimpata hapa hapa. Wao ni watu wa bara, babu yao alihamia Tabora kutoka Omani, na Kiswahili chao kina "bizinesi" na "sapraizi" ndani yake. Kaka yangu mkubwa, ambaye nitamsema leo nikipenda nisipende, alikuwa akiwacheka. Yeye alijiona ndiye mwenye Kiswahili chote cha Unguja mjini, amekifungia katika sanduku na funguo anazo yeye.

Mpaka leo mke wangu hamtilii kaka yangu chai. Kaka akija, mke wangu anaweka kahawa, anaweka tende, halwa ikiwapo anaweka, lakini chai hapana. Watoto wanadhani bibi kasahau. Hakusahau.

Huyo shemeji ninayemsema ni ndugu wa mke wangu, wa tumbo moja. Miaka ya tisini alifungua duka la mikanda ya video, pale unapoingia sokoni. Wakati ule maduka ya mikanda yalikuwa mengi, Nizwa yapo, Sur yapo, na mengi yake ni pahala pa vijana kusimama mlangoni na kutazama nani anapita. Mwanamke wa heshima hakuingia. Shemeji akasema yeye atafungua duka ambalo mama mtu ataingia bila ya kuinamisha kichwa. Watu wakamcheka. Akaweka mashine mbili nyuma ya duka, na kila mkanda aliutazama yeye kwanza, mwanzo mpaka mwisho, anaunakili kutoka mashine hii kwenda ile. Akifika pahala mwanamume na mwanamke wamekaribiana nyuso, anaziba. Unaona kiza, unasikia muziki, kisha picha inarudi na wale watu wameshaoana wana watoto watatu.

Basi wakaja. Jumatano, siku ya soko la wanawake, wakimaliza kununua udi na vitambaa vyao walikuwa wanaingia dukani kwa shemeji, wa Ibra na Mabedui waliotoka upande wa Sinaw na barakoa zao usoni, wanachagua wenyewe, wanabishana naye bei, wanamtania. Waswahili na Waarabu walilipa jina moja, duka la heshima. Shemeji hakuwa tajiri na wala hakuwa na watoto. Alikuwa na jina hilo. Nilimwona siku moja mzee mmoja wa kabila kubwa pale Ibra anamwambia, "Binti yangu akiwa kwako nina raha kama yuko kwa mamaake," na shemeji akageuka kupanga mikanda iliyokwisha kupangwa, kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa hilo mtu huyu angekufa.

Zikaja sahani. Sisi watu wazima tuliziita sahani, kama tulivyoita za santuri, watoto wakatucheka. Za mwanzo zilikuwa VCD, rahisi mno, na filamu moja sahani mbili. Mchezaji amesharuka ukuta, hajafika chini, sahani imekwisha! Unainuka, unatafuta ya pili, kumbe mtoto ameilalia. Lakini zilikuwa rahisi, na mashine yake rahisi, na kila nyumba ikanunua. Picha yake mbaya kuliko ya mkanda mzuri, wallahi, nyuso zinakatika vipande vipande kama vigae. Nani alijali? Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kitu kizuri na kitu kinachoshinda ni vitu viwili, wala havijuani.

Shida ya shemeji ilikuwa nyengine. Mkanda unaweza kuuziba. Sahani huzibi. Alikaa siku nyingi anaipindua pindua moja mkononi, anaitazama kama daktari. Mwisho akapata dawa. Juu ya kila jalada akabandika kijikaratasi, akaandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili: chai. "Chai, baada ya mazishi." "Chai, wakifika mtoni." Maana yake, hapo mwenye nyumba ainuke aseme haya jamani, chai, akasimamishe mashine na kuipeleka mbele, wakati mama anamimina. Watu wakalipenda hilo! Likawa neno la mji. Nilikaa pale Jumatano moja nikasikia mama mmoja mtu mzima anamuuliza:

"Hii ina chai?"

"Ina moja, mama. Nyepesi."

"Nyepesi vipi?"

"Mkono tu. Kamshika mkono."

"Aa, hiyo hata sukari haina. Na ile?"

"Ile iwache, mama. Ile ni birika zima."

Duka likaangua kicheko, na barakoa zikatikisika.

Kisha DVD ikaiua VCD, na hilo mimi nalielewa: filamu nzima sahani moja, maneno ya Kiarabu chini, hakuna haja ya kumtafuta mtoto aliyelala. Lakini DVD ilikuja na ushenzi wake. Binamu wa mke wangu yuko Amerika, akaleta katuni kwa watoto wetu, sahani nzuri, ndani ya kasha lake. Watoto wamekaa chini, wameoga, wamechanwa nywele. Tukaitia. Mashine ikaandika kwamba sahani hii si ya eneo hili.

Nikamwita shemeji. Akatwambia kumbe walioitengeneza wameigawa dunia kwa nambari. Amerika nambari yake, sisi yetu, Afrika na Bara Hindi yao. Sahani ya kwao haichezi kwako.

"Imejuaje kama iko Ibra?" nikamuuliza.

"Mashine ndiyo inayojua, shemeji. Mashine yetu imezaliwa na nambari yetu."

Sikulala vizuri siku ile, nakwambia kweli. Mimi nimesimama Matrah mbele ya afisa na bahasha mkononi naulizwa baba wa babu yangu ni nani. Leo sahani ya katuni, yenye panya na paka, inasimamishwa sebuleni kwangu inaulizwa pasipoti! Na watu kama sisi, mwenye dada Mombasa, mwenye mtoto Unguja, mwenye binamu Amerika, ndio kitu hicho kimetutia kisu hasa. Nani alikaa kwenye meza akaona hilo ni jambo la akili? Nionesheni uso wake.

Haya, sasa tumefika. Baada ya miaka DVD nayo ikaambiwa imezeeka. Zikatoka sahani za aina mbili kwa mpigo mmoja, zote zinajisifu kwamba picha yake utahisabu nyusi za mtu. Moja inaitwa HD DVD, kasha lake jekundu. Ya pili inaitwa Blu-ray, kasha lake la buluu. Sahani ya huku haiingii kule. Lazima uchague. Wakala akaja kutoka Maskati, dishdasha limepigwa pasi mpaka linakata, akamwekea shemeji aina zote mbili juu ya meza.

"Ipi itashinda?" shemeji akamuuliza.

"Ile mtakayoinunua nyinyi," wakala akasema. "Mteja ndiye mfalme."

Mwongo! Liwekeni neno hilo, nitalirudia.

Shemeji mwenyewe aliona buluu imekamatwa na kampuni nyingi zaidi, akachukua shehena yake ya mwanzo, na wakala akambandikia dirishani bango kubwa la rangi ya bahari lenye herufi ndefu. Asubuhi ya pili kaka yangu akapita. Kaka skuli alifika mbali kuliko mimi, na Kiingereza anakisoma. Afadhali angekuwa hakisomi. Akasimama mbele ya dirisha na mkongojo wake, akasoma kwa sauti, herufi moja moja.

"B. L. U. Bluu!" Akageukia watu waliokuwa wanakunywa kahawa kibarazani. "Jamani, njooni muone! Duka la heshima leo linauza picha za bluu, mchana kweupe!"

Kwa asiyejua, nimwambie. Kwetu Waswahili, wa visiwani na wa bara, picha ya bluu si rangi. Ni ule uchafu, watu uchi, mkanda unaofichwa chini ya godoro. Neno hilo hulisemi mbele ya mamaako.

Shemeji akatoka mbio na kitambaa cha kufutia vioo mkononi. "Shikamoo, mzee. Sivyo, mzee. Ni taa. Ndani ya mashine kuna taa, mwanga wake ni bluu, ndiyo jina."

"Marahaba. Taa! Sasa kuna na taa?"

"Taa ya kusomea sahani, mzee."

"Wenyewe wameandika bluu, wewe wa Tabora ndiye utakayenifundisha bluu ni nini?"

Waarabu waliokuwa pale hawakujua kitu. "Mo bluu?" wanauliza, bluu ni nini? Kaka akawafasiria, na akafasiri vizuri sana, na mikono akatumia. Nikaona nyuso zinabadilika. "Ayb," mmoja akasema, aibu, akavuta kandambili zake akaondoka.

Kaka hakuwa mjinga. Mimi simsamehe kwa sababu hiyo hiyo. Alijua kuwa ni jina la taa. Nilikwenda kwake baada ya Isha, nikamwambia kaka, lile ni duka la mashemeji zako, kesho waambie watu umekosea. Akacheka. "Mzaha ule! Watu wenyewe hawana akili ya mzaha?" Nikamwambia basi tuibadilishe jina, shemeji aandike samawi, kwa kuwa nilikumbuka mwiba wa chuma. Akacheka zaidi mpaka akakohoa. "Samawi si bluu? Uchafu ule ule umevishwa kanzu!" Na kesho yake hilo nalo lilikuwa limeshafika sokoni.

Jumatano ikaja. Wanawake wakapita upande wa pili wa njia. Wale wale! Yule mama wa chai nyepesi akapita anatazama chini, na shemeji amesimama mlangoni anangojea walau salamu. Hawakuamini, naapa nusu yao hawakuamini, lakini kila mmoja anamwogopa mwenzake aliyeamini. Nikamsikia mama mdogo kama yuko nyuma yangu na buibui lake.

Shemeji hakungoja Jumatano ya pili. Akamwita wakala, akamwambia chukua buluu yako yote, nipe nyekundu. Nilidhani wakala atakataa. Alifurahi! Alimpakulia nyekundu mpaka rafu zikajaa, na mimi nikajiuliza mbona huyu ana haraka hivi. Lakini shemeji alikuwa na sababu yake ya pili, na hiyo ilinitia moyo. "Shemeji," akaniambia, "hii nyekundu haina nambari. Haiulizi pasipoti. Ya Amerika inacheza hapa, ya Mombasa inacheza hapa." Basi watu kama sisi tungechagua nini? Niambieni. Tulichagua kwa akili kamili. Tulichagua kuliko walivyochagua walioshinda.

Na kulikuwa na la tatu, ambalo alinambia tukiwa wawili tu, ameinama chini ya meza anafunga waya. "Taa ya ndani," akasema, "hata ya hii nyekundu, ni ile ile. Bluu."

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu. Usiseme, shemeji. Wataikimbia na hii."

Sikumwambia mtu. Mji mzima umekimbia taa ya buluu ukakimbilia taa ya buluu, kwa kuwa kasha lina rangi nyengine. Na nyekundu, ambayo kila baharia wa Sur angekueleza nyumba yenye taa nyekundu bandarini ni nyumba gani, hiyo haikumkera mtu!

Wanawake wakarudi, si wote, lakini walirudi. Vijikaratasi vya chai vikabandikwa upya. Kaka mwenyewe akaja akatazama filamu ya wanyama pale dukani, simba anahesabika masharubu, akasema, "Naam, hii ina baraka." Shemeji alimpa kiti. Alimmiminia chai kwa mkono wake. Mke wangu alikuwepo, aliona.

Kisha huko mbali, mimi hata sijui wapi, kampuni moja kubwa ya filamu iliyokuwa inatoa aina zote mbili ikasema kuanzia sasa buluu tu. Kufumba na kufumbua maduka makubwa ya Amerika yakasema na sisi buluu tu. Na waliokuwa wanatengeneza mashine ya nyekundu wakasema khalas, hatutengenezi tena. Ikafa. Sahani zilizokuwa rafuni kwa shemeji zikawa kama noti za serikali iliyopinduliwa, na sisi noti za namna hiyo tunazijua.

Shemeji akampigia wakala simu, na mimi nimekaa pale.

"Uliniambia mteja ndiye mfalme."

Sauti ya wakala ilisikika mpaka nje, anacheka. "Mteja wa wapi, yakhe? Hii si habari ya Ibra. Wale wa buluu waliitia ndani ya mashine ya michezo ya watoto. Mtoto ananunuliwa mchezo, buluu imo tumboni. Nyumba imejaa buluu na mwenye nyumba hana habari."

Ndio hivyo. Hakuna aliyepima picha. Hakuna aliyeuliza nani ana ndugu Mombasa na nani ana ndugu Amerika. Kilichoshinda kiliingia nyumbani kwa watu kimejificha ndani ya mchezo wa mtoto, na wenye filamu walipoona kimeshaingia wakakihamia. Mkubwa akamfuata mkubwa, wadogo tukaambiwa tumechagua vibaya. Wanakaa wanayaita mambo hayo vita, vita vya sahani. Vita gani, ambavyo waliokufa hawakuulizwa? Nikisikia mtu anasema soko limeamua, natamani nimshike mkono nimpeleke pale sokoni Ibra, nimwoneshe soko, nimwambie muulize, huyu hapa, muulize kama aliamua kitu.

Na sasa kaka.

Mtoto wa kaka alikuwa anafanya kazi Sur, kwenye gesi, na alikuwa amewanunulia wadogo zake sanduku la mchezo. Lilikuwa chini ya televisheni ya kaka miezi na miezi. Buluu ilikuwa nyumbani kwake siku zote alizokuwa akiisema vibarazani! Alipoelezwa na mwanawe hakuona haya. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Ilikuwa Jumatano. Shemeji alikuwa amekwisha kuanza kuondoa nyekundu, anapanga DVD za zamani pahala pake, na wateja walikuwa wanamvumilia. Dukani mlikuwa na wanawake watano au sita, yule mama mtu mzima mmoja wao. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni na thamosi, siku za soko alikuwa akimletea ndugu yake chai. Mimi nimeegemea mlango. Kaka akaingia na mkongojo wake, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, amenukia udi.

"Shikamoo, mzee," akasema shemeji.

"Marahaba, bwana wa Tabora. Nataka bluu."

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Sina, mzee. Nilizirudisha."

"Umezirudisha!" Akawageukia wale wanawake, anawachekea kama amewaandalia karamu. "Dunia nzima inatazama bluu, huyu amezirudisha! Nani alikwambia urudishe?"

Nikasema, "Kaka, wewe."

"Mimi? Mimi nilifanya mzaha. Mfanyabiashara anaendeshwa na mzaha?" Akamsogelea shemeji, akateremsha sauti, lakini aliiteremsha namna ya mtu anayetaka asikike. "Au unazo nyuma? Eh? Nambie. Za siku zile. Zenye chai nyingi. Maana mtu hawezi kuandika chai ziko wapi mpaka azitazame zote mwenyewe, peke yake, nyuma ya duka, mlango umefungwa. Miaka yote hiyo umekunywa birika ngapi, bwana wa Tabora?"

Kijana mmoja mlangoni akacheka. Na mmoja katika wanawake, sikuona nani kwa barakoa, naye akacheka. Kidogo tu. Ya puani. Yule mama mtu mzima akairudisha juu ya meza sahani aliyokuwa ameishika, taratibu, akajifuta vidole kwenye shela yake.

Shemeji aliona vile vidole. Mimi nilimwona akiviona.

Nilitaka kumvamia kaka yangu, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni tukiwa wadogo. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini shemeji hakukasirika, au alikasirika pahala nisipopajua. Alikikunja kile kitambaa cha kufutia vioo mara mbili, akakiweka juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja. Akakitazama kijikaratasi kilichokuwa juu ya jalada karibu naye, akakisoma kama hakukiandika yeye.

"Haya jamani," akasema. "Chai."

Mke wangu akamwinulia nduguye thamosi. "Chai hii hapa, kaka. Nimeleta."

"Hiyo imepoa," akasema shemeji. "Ngojeni, nakwenda kuleta nyengine."

Akavaa kandambili zake mlangoni. Akanipitia karibu mpaka bega lake likagusa langu, akasema, "Niwie radhi, shemeji," kama mtu anayepita msikitini katikati ya safu. Akapita kati ya wauza vitambaa, wanawake wakimpisha, akafika pale njia inapogawika, moja kwenda mkahawani na moja kwenda kituo cha magari ya Sinaw. Tukamngoja. Kaka akavuta kiti akakaa. Mke wangu alikuwa bado ameishika thamosi kwa mikono miwili, imejaa, ya moto, mvuke unatoka chini ya kifuniko, na shemeji hakurudi, si siku ile wala mpaka leo.